Mvinyo wa Dodoma kwenye mabanda ya Nane Nane: wa kununua na wa kuacha

Hukumu kwanza: mvinyo wa Dodoma ni mzuri kuliko unavyonyweshwa kwenye viwanja vya Nane Nane vya Nzuguni. Chupa iliyosimama mezani tangu asubuhi, jua la saa saba na kikombe cha plastiki huuharibu kuliko makosa mengi ya mtengenezaji. Mwekundu uliofika nyuzi joto 28 hunuka kilevi tupu, na mtu wa kwanza kuuonja husema "mkali" kisha huondoka akiamini zabibu zetu ndivyo zilivyo. Mwekundu huohuo ukishushwa hadi nyuzi 16 au 18 hubadilika kabisa: unapata tunda, na ule ukakasi wa maganda unatulia.

Kwa hiyo panga saa. Nenda saa nne asubuhi, au subiri hadi saa kumi jioni jua likilegea. Agosti Dodoma ni kavu na ina upepo, na upepo ndio adui ambaye watu humsahau, kwa kuwa hupeperusha harufu kabla pua haijafika. Kaeni upande wa banda uliokingwa, mimina isizidi theluthi ya glasi, funika mdomo wa glasi kwa kiganja, izungushe mara chache, kisha nusa. Njooni na glasi zenu za kioo zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, hata za bei rahisi. Kikombe cha plastiki huficha harufu ya mvinyo na mara nyingine huongeza yake.

Kundi la watu wanne hadi sita linatosha. Chupa ya mililita 750 hutoa vionjo 15 vya mililita 50. Hesabu ndogo inafaa ifanywe kabla, si baada: aina nane kwa mililita 50 ni mililita 400, zaidi ya nusu chupa kwa kila mtu, tena juani. Ombeni mililita 30, muwe na ndoo ya kutemea (kutema si utovu wa adabu, ndiyo kazi yenyewe), mkate mkavu, na maji ya kutosha. Dereva ajulikane kabla ya chupa ya kwanza. Ulizeni bei pia kabla ya kumiminiwa, kwani kuna mabanda yanayoonjesha bure na mengine huuza kwa glasi.

Mpangilio una maana kuliko idadi. Anzeni na mweupe mkavu (yaani usio na utamu), mwende kwa mwekundu mkavu, kisha mtamu, na ulioongezwa kilevi uwe wa mwisho. Ukianza na Dompo, ambayo ni ya aina hiyo ya mwisho, tamu na nzito, kila mkavu utakaofuata utaonekana kama siki hata kama hauna kosa. Wengi wanaosema hawapendi mvinyo mkavu wa hapa waliuonja kwa mpangilio huo wa kinyume.

Kwa weupe, tafuta uliotengenezwa kwa zabibu nyeupe za Chenin Blanc. Ukiwa kwenye nyuzi 8 hadi 12 una uchachu safi unaokata mafuta ya kuku wa kienyeji, na ndio pekee tungeuweka karibu na mlenda. Mwekundu wenye tanini, yaani ule ukakasi wa maganda, na mlenda hawapatani. Kwa wekundu, Makutupora ndiyo sababu ya kuja. Ni zabibu iliyopewa jina la eneo la Makutupora, kaskazini mwa mji, na hutoa mvinyo wa rangi nzito wenye ukakasi unaohitaji nyama. Mbuzi choma yenye chumvi hulainisha ukakasi huo papo hapo. Pilipili hufanya kinyume: huchochea moto wa kilevi, kwa hiyo kachumbari kali isubiri.

Ukiwa mgeni kabisa, chupa zenye jina la Dodoma kutoka Tanzania Distilleries, wale wa Konyagi, ni mahali salama pa kuanzia kwa sababu hupatikana madukani mwaka mzima na unaweza kulinganisha. Mvinyo wa misheni ya Bihawana unaonjwa kwa heshima ya historia pia, maana ni wamisionari wa Kikatoliki wa huko wanaotajwa kuanzisha zabibu mkoani katika miaka ya 1950. Ukiona meza ya CETAWICO, kampuni ya mvinyo ya Hombolo, omba mkavu wao kabla ya mtamu.

Wasindikaji wadogo ndio wenye msisimko na ndio wenye hatari. Hapa swali moja hutenganisha wanaojua na wanaobahatisha: mvinyo huu ni wa mavuno gani? Dodoma huvuna mara mbili, karibu Februari na Machi wakati wa mvua, na tena Agosti na Septemba wakati wa kiangazi. Zabibu za kiangazi kwa kawaida huwa na sukari nyingi. Za masika hunywa maji na kuoza kwa urahisi. Muuzaji akikwambia wiki ya Nane Nane kwamba chupa ni ya mavuno ya mwezi huu, anakuuzia mchuzi wa zabibu ambao bado unachacha. Uchachushaji peke yake huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili, na baada ya hapo mvinyo unahitaji miezi ya kutuama na kuchujwa.

Mtamu wa mtaani ndio unaokosewa zaidi. Kila gramu 17 hivi za sukari kwa lita hugeuka kuwa asilimia moja ya kilevi. Mtengenezaji akisimamisha uchachushaji njiani ili utamu ubaki, lakini asichuje vizuri wala kuweka salfaiti (kihifadhi cha mvinyo) ya kutosha, hamira iliyobaki huamka kwenye joto la chupa. Dalili ni vipovu katika mvinyo usiotakiwa kuwa navyo, ukungu, na kizibo kilichopanda. Chupa ya namna hiyo usiiweke kwenye begi, inaweza kupasuka.

Makosa mengine yanatambulika kwa pua. Harufu ya siki au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha inatokana na bakteria wa asidi waliopata hewa, na haitengenezeki. Yai viza ni salfa kutoka kwa hamira iliyokosa lishe. Zungusha glasi dakika tano, mara nyingine huondoka. Mwekundu uliogeuka kahawia na kunuka kama tunda la epo lililochubuka umeingiwa na hewa, na hiyo ndiyo kasoro ya kawaida ya mvinyo wa dumu, kwa sababu kila unapomiminwa nafasi tupu juu yake huongezeka. Ukinunua wa dumu, ujaze hadi shingoni kwenye chupa safi na uumalize ndani ya siku tatu.

Kwa chupa iliyofungwa, angalia alama ya TBS na stempu ya TRA. Stempu inaweza kukaguliwa papo hapo kwa programu ya simu ya Hakiki Stempu. Muuzaji halali hatakasirika.

Kupoza: barafu tupu ni polepole. Jaza ndoo nusu barafu nusu maji na utie konzi ya chumvi. Mweupe dakika 20, mwekundu dakika 10 tu. Mabanda mengi hayana ndoo hii, na ndiyo upungufu mkubwa wa maonesho yote. Beba yako, barafu inunuliwe mjini kabla ya kuingia.

Wanaorudi Dar es Salaam kwa basi wasiweke chupa kwenye buti. Saa kadhaa kwenye joto la pale chini hupika mvinyo, nao hufika ukiwa na ladha ya jemu na kizibo kinachovuja. Zifunge kwa nguo, uzishike miguuni ndani ya basi, na ukifika ziache zipumzike siku chache mahali pa giza kabla ya kufungua. Mkavu uliofunguliwa hukaa siku tatu hadi nne kwenye friji. Dompo na ndugu zake hustahimili wiki kadhaa.