Floti ya shaba ya nusu inchi: nimeifunga mwenyewe, na inakata maji

Hii inawahusu wenye simtank juu ya mnara na maji ya mgao. Floti ni kile kifaa chenye boya kinachokata maji tanki likijaa. Kwetu Kimara maji huja usiku wa manane, tena huja kwa fujo. Floti ya plastiki iliyokuwepo ilikuwa imechoka: tanki likijaa haikati, maji yanamwagika uani mpaka mtu aamke akafunge koki ya mita. Uniti moja ni lita 1,000, na mita haiulizi kama maji umeoga au umeyamwaga.

Fundi aliniambia bei ya kufunga iliyozidi bei ya kifaa. Nikaenda Gerezani, Kariakoo, kununua floti mpya nifunge mwenyewe. Muuzaji akaniwekea mbili mezani, ya plastiki na ya shaba. "Dada, hii ya plastiki nakuuzia ukitaka, ila tutaonana tena." Nikatoa sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio nikaibandika kwenye ile ya shaba. Haikunasa. Ingenasa, ningejua ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na chuma ndani ya tanki ni kutu tu. Tukapatana shilingi 18,000.

Boksi lina mwili wa shaba, mkono, boya la plastiki na nati mbili. Basi. Washa za mpira, yaani pete za kuziba nafasi kwenye nati, hakuna, na hapo ndipo nawalaumu watengenezaji, maana bila washa kifaa hiki hakifungiki bila kuvuja. Nunueni washa mbili palepale dukani kabla hamjaondoka, pamoja na tredi tepu, utepe mwembamba wa kuviringisha kwenye uzi wa bomba.

Sasa ufungaji. Funga koki ya mita, kisha fungua bomba la chini ili maji yaliyobanwa kwenye bomba linalopanda yatoke, la sivyo utaoga ukiwa juu ya ngazi. Kufungua ya zamani kunahitaji watu wawili: mmoja anashika floti kwa ndani, mwingine anazungusha nati ya nje kwa spana. Ukiwa peke yako inazunguka yote na nati haitoki. Mimi nilimpandisha mdogo wangu, akawa anashika huku ananung'unika.

Tundu la zamani la tanki lilipokea floti mpya bila kuchongwa. Usilipime kwa rula ukashtuka: nusu inchi ni jina la saizi ya bomba, uzi wenyewe kwa nje una kama milimita 21. Washa moja inakaa ndani ya tanki, nyingine nje, halafu nati inakazwa kwa mkono mpaka ikatae, kisha spana kidogo tu. Ukuta wa tanki ni plastiki. Ukikaza kwa hasira unapinda na maji yanapata njia.

Kilichonitia wasiwasi ni bomba linalopanda, kwa sababu ni PPR, bomba la plastiki gumu, na PPR huunganishwa kwa kuyeyushwa na mashine ya moto ambayo sina. Fleksibo, mpira mfupi unaopinda wenye nati kila mwisho, iliniokoa. Upande mmoja inakaza kwenye mkia wa floti, na mpira wake wa ndani ndio unaozuia maji, tepu haihitajiki. Upande wa pili inashika nipo, kiungo kifupi chenye uzi, iliyoingia kwenye bomba, na huko kwenye bomba ndiko tepu ilipofanya kazi. Iviringishe kuelekea upande unaokazia. Ukigeuza, inajikunja na kuchomoka wakati unakaza.

Kuhusu kukata maji, ambako ndiko pesa yangu ilikoenda: imekata, hata usiku ule maji yalipokuja kwa nguvu mpaka bomba likawa linatetemeka. Ukiifungua utaona sababu. Tundu la kupitishia maji ni dogo sana, dogo kuliko nilivyotarajia, na mwilini zimegongwa herufi HP, yaani "high pressure", presha kubwa. Boya likipanda, mkono mrefu unasukuma kipande chenye mpira kizibe tundu hilo. Kadiri tundu linavyokuwa dogo, ndivyo boya lilelile linavyoweza kushinda presha kubwa. Ya plastiki niliyoitoa ilikuwa na tundu pana na boya dogo kama ngumi ya mtoto. Maji ya nguvu yalikuwa yanaisukuma inaachia.

Gharama ya tundu dogo ni kwamba tanki linajaa polepole. Mgao ukiwa wa saa chache na maji yanakuja kwa kusuasua, tafuta yenye tundu pana, hii itakuacha na nusu tanki. Kasoro nyingine ni kelele: tanki likikaribia kujaa boya hucheza juu ya mawimbi, floti inafungua na kufunga, na bomba linagonga ukutani. Nililibana bomba kwa klipu, kelele ikapungua, haikuisha.

Usawa wa maji nilirekebisha kwa kuukunja mkono taratibu kuelekea chini, ili maji yakatike chini ya tundu la bomba la kumwagia ziada. Ukunje ukiwa umeushika karibu na mwili wa floti, usibebe uzito wote kwenye pini inayoushikilia mkono.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa ajili ya washa. Na kama shida yako iko kwenye tanki la kuflashi chooni, hii usinunue: mkono wake ni mrefu, hauingii mle ndani.