TAHADHARI: Oringi feki za silinda za magurudumu ya ndege

Wenzangu mnaojiundia ndege, kuna muuzaji mtandaoni anauza "seti kamili ya oringi za silinda za magurudumu" kwa bei ya kutupa, yaani zile pete za raba zinazoziba oili ndani ya silinda za kukunja na kushusha magurudumu. Msinunue. Jina silitaji, ila mzigo wake utaujua: kimfuko cheupe cha nailoni, hakina namba ya MS28775 (namba ya kiwango cha oringi za ndege), hakina namba ya bechi wala tarehe raba ilipotengenezwa.

Ndege yetu ni Lancair 360, iko Texas. Magurudumu yake yakishakunjwa hushikiliwa na presha ya oili peke yake, hakuna ndoano. Pampu ya oili hiyo ilianza kujiwasha yenyewe angani kila baada ya dakika chache, na nje hakuna hata tone. Presha ilikuwa inapenya kwenye oringi za pistoni, humohumo ndani ya silinda. Tukafunga seti ya huyu bwana. Mwanzoni pampu ilitulia, tukamsifu. Baadaye, ndege ikiwa kwenye jeki kwa ukaguzi, mguu wa kushoto ukashuka nusu ukagoma. Tukafungua vali ya dharura, wapi! Vali ile huachia presha tu ili mguu ushuke kwa uzito wake; pistoni iliyokabwa na raba haiwezi kuing'oa.

Kufungua silinda, oringi zimevimba hadi zimetoka kwenye mifereji yake, laini kama bazoka iliyotafunwa. Ni raba ya EPDM, ile ya breki za magari. Sisi tunatumia oili nyekundu ya 5606, ambayo inataka raba ya nitrili. Raba zote mbili ni nyeusi, kwa macho huzitofautishi.

Sasa sikia jibu lake: "Oili yenu ndiyo mbovu, wekeni ya breki." Jamani! Oili ya breki ingeziharibu sili zote za nitrili zilizobaki, mpaka za ndani ya pampu, na rangi ya ndege ingebabuka pia. Nilipomdai cheti cha raba, akanibloku.

Kama umeshanunua, usifunge. Tumbukiza moja kwenye kichupa cha oili nyekundu siku mbili tatu, halafu ilinganishe na mwenzake kavu. Ikinenepa, tupa seti nzima. Uliyekwisha kufunga, usiruke mpaka silinda zifunguliwe.

Na ambaye pampu yake inajiwasha angani, asikimbilie oringi kabla ya kukagua vali ya dharura na ile ya kuzuia oili kurudi kwenye pampu. Zikivuja, dalili ni hiyohiyo.