Kiti cha Dirishani cha Kuiona Kilimanjaro: Lipia Dirisha, Usilipie Ukuta

Ujumbe wa wasomaji umekuwa mwingi, na wote unafanana. Mtu kaongeza hela achague kiti cha dirishani, kaingia ndani ya ndege, kakuta plastiki tupu. Dirisha liko nyuma ya bega lake, analifaidi abiria wa safu inayofuata. Kampuni siitaji, maana si moja.

Suala la upande nalimaliza haraka. Dar kwenda KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) kaa kulia, ukirudi kushoto. Nairobi kwenda Mombasa au Dar, kulia pia. Panda ndege ya asubuhi kabla mawingu hayajafunga kilele, hata jua likikupiga usoni.

Sasa dirisha lenyewe. Kiwandani madirisha hutobolewa kwa nafasi zisizobadilika. Viti, vyenyewe, hufungwa kwenye reli, na kila kampuni inavibananisha ipendavyo ili ipate safu za ziada. Hapo ndipo kiti na dirisha vinapoachana. Boeing 737 inaongeza lake: mbele kidogo ya bawa kuna bomba la kiyoyozi linalopanda ndani ya ukuta, na penye bomba dirisha halipo kabisa. Kwa hiyo herufi A kwenye tiketi, ya kiti cha pembeni, inakuhakikishia ukuta tu. Dirisha ni bahati yako.

Ndiyo maana mimi huchagua ndege kwanza, kiti baadaye.

Namba moja ni ATR 72, ile wanayoruka nayo Precision Air, na sifichi kwamba naipendelea. Watu wanaidharau eti ni ya pangaboi. Lakini bawa lake liko juu, na hairuki juu sana kama jeti, kwa hiyo chini unaona kila kitu: Usambara, Pare, Bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu Mawenzi na Kibo, mita 5,895, mbele ya pua yako. Kaa safu za nyuma, mbali na pangaboi. Mlango wa abiria uko huko huko nyuma, kwa hiyo wanaogombania viti vya mbele ndio watakaoshuka mwisho. Waacheni.

Namba mbili, Airbus A220-300 ya Air Tanzania. Madirisha makubwa, viti viwili kushoto na vitatu kulia. Bawa liko chini, kaa mbele yake.

Namba tatu, Dash 8 Q400. Nayo bawa lake liko juu, ila magurudumu yanakunjwa chini ya injini. Ukikaa katikati utayaona yakishuka wakati wa kutua. Watoto wanafurahi, mlima hamuuoni.

737 naiweka mwisho. Ukilazimika, fungua tovuti ya aeroLOPA kwanza: michoro yake inaonyesha madirisha yalipo kulingana na viti, kitu ambacho wauzaji wengi hawakionyeshi.

Kwa asiyetaka kulipia kiti: wahi kaunta, omba kwa adabu. Basi.

Na hapa ndipo ninapochemka. Mchoro wa viti kwenye tovuti zao una rangi tatu za bei, una vyoo, una milango ya dharura. Dirisha hawalichori. Mashine inayojua kunitoza zaidi kwa safu fulani ishindwe kujua kama safu hiyo ina dirisha? Huko Marekani abiria wamechoka: Agosti 2025 Delta na United zilishtakiwa kwa jambo hili hili, kuuza viti vya dirishani visivyo na dirisha. Sisi tunanung'unika kwenye WhatsApp, kisha tunalipia tena safari ijayo.

Likikukuta, usigombane na mhudumu, hakupanga yeye. Piga picha ya ukuta na namba ya safu ionekane, tunza risiti ya ile nyongeza, na uidai kwa barua pepe. Nyongeza hiyo tu, msichanganye na malalamiko ya chai.