Viza ya mwekezaji wa Marekani: wakala nyota moja, wakili nyota nne

Nianze na hesabu, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kwa wakala nililipa shilingi milioni moja na nusu za "kufungua faili". Kwa wakili nililipa kwanza dola 300, saa moja ya kuongea kwa video. Za wakala zilikwenda na maji. Za wakili ziliniokolea kiwanja cha Kigamboni, na nitaeleza kivipi.

Mimi ni mtu wa godauni. Nanunua iliki, karafuu, pilipili manga na korosho, nasafisha na kufungasha pale Vingunguti, Dar, nasafirisha nje. Shemeji yangu anaishi Houston, na ndiye aliyenitia ndimu: wanunuzi wako huku, kwa nini usifungashie huku huku? Mwaka 2024 nikaanza kutafuta viza. Nilidhani ni kama kukata tiketi ya basi stendi ya Magufuli, unaangalia nauli na saa ya kuondoka, basi.

Ofisi ya wakala iko Posta, ghorofani, kiyoyozi kinauma, chai ya tangawizi inakuja bila kuomba. Niliitwa bosi tangu mlangoni. "Bosi, wewe ni mtu wa E-2 kabisa." E-2 ni viza ya mwekezaji anayetoka nchi yenye mkataba na Marekani. Sheria haitaji kiasi cha mtaji, inataka tu uwe mkubwa ukilinganisha na biashara yenyewe, ndiyo maana wenye biashara za kati wanaipenda. Shida ni huo mkataba. Ethiopia imo kwenye orodha. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda haimo.

Wakala alilijua hilo. Akachomoa kijitabu chenye picha ya ufukwe: Grenada. Unachangia mfuko wa serikali ya kule zaidi ya dola 200,000, unapewa uraia, na kwa kuwa Grenada ina mkataba, unaomba E-2 kama Mgrenada. Nikatoka pale nimeshalipia faili, kichwani nasikia mawimbi ya bahari.

Yule wakili ni dada wa Kitanzania mwenye leseni ya uwakili Texas. Shemeji aliniambia nitafute jina lake kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo kabla ya kutuma senti, nikalikuta. (Wakala wangu hakuwa na leseni ya popote. Sikumwuliza. Chai ilikuwa tamu.) Sheria ya uhamiaji kule ni ya serikali kuu, kwa hiyo wakili wa jimbo lolote anaweza kukusimamia.

Nilitegemea aanze na pesa. Akaanza hivi: "Kaka, una pasipoti ngapi? Na wifi yangu, mkeo, je?" Kumbe mke akiwa raia wa nchi yenye mkataba, yeye anaweza kuwa mwombaji mkuu na mume akafuata. Wangu ni wa Pangani. Tukacheka, tukaendelea.

Nilipomtajia Grenada hakucheka. Tangu Desemba 2022 sheria ya Marekani inasema aliyepata uraia wa nchi ya mkataba kwa kuwekeza lazima awe ameishi nchi hiyo miaka 3 mfululizo kabla ya kuomba E-2. Yaani ningehamia Karibiani kwanza, godauni liendeshwe na nani? Halafu akaniuliza jambo ambalo mimi, Mtanzania wa kuzaliwa, sikulifikiria: "Kigamboni una kiwanja?" Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa Grenada kwa hiari yako, wa Tanzania umeupoteza. Na Sheria ya Ardhi ya 1999, wakati huo, haikumruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Nilinyamaza kidogo. Kile kiwanja ndicho urithi pekee wa marehemu baba.

Ya pili ilikuwa EB-5, viza ya mwekezaji mwenye mtaji mkubwa. Hii haiulizi mkataba, na inakupa ukaazi, kwanza wa masharti kwa miaka miwili, kisha wa kudumu. Kiwango ni dola 1,050,000, au dola 800,000 ukiweka vijijini, kwenye maeneo yenye ukosefu mkubwa wa ajira au kwenye miradi ya miundombinu, na lazima zitokee ajira 10 za muda wote. Hata hiyo ndogo ni kama bilioni mbili za kwetu. Ningeuza godauni, nyumba na magari, bado ningekopa.

Lakini hata ningekuwa nazo, ningekwama kwenye karatasi. Wanataka kuona kila shilingi ilivyozaliwa. Wakili akaniuliza mtaji wangu wa kwanza ulitoka wapi. Nikamwambia: mchezo wa kupeana wa akina mama wa Buguruni, mama alipokea zamu yake akanipa. Akauliza kama kuna maandishi. Kuna daftari, nikasema, lilikuwa kwa mama Zuhura, alihamia Mkuranga. Akaandika kitu, sikukiona. Mkopo wa mjomba? Mdomo kwa mdomo. Lori la kwanza? Nililinunua taslimu. Ndugu zangu wa Kariakoo, kama mna ndoto ya EB-5, anzeni leo kupitisha pesa benki na kutunza ritani za kodi za TRA. Na mtu akikuahidi kwamba mtaji wako utarudi kwa uhakika, mkimbie: sheria yenyewe inataka pesa iwe kwenye hatari ya kupotea.

Tukaishia L-1A, ambayo wakala hakuwahi hata kuitaja. Ni ya kampuni inayomhamisha meneja wake kwenda tawi au kampuni dada Marekani. Haina kiwango cha mtaji wala mkataba. Inataka uwe umefanya kazi kwenye kampuni ya huku mwaka mzima mfululizo ndani ya miaka 3 iliyopita, kwa cheo cha umeneja, na ya Dar iendelee kufanya biashara. Kwa ofisi mpya wanakupa mwaka mmoja tu wa kwanza, kisha unaongeza, mwisho miaka 7. Mke anaruhusiwa kufanya kazi.

Kikwazo kilikuwa mimi mwenyewe. "Nieleze siku yako ya kazi," akasema. Nikamweleza: nafungua saa moja asubuhi, napima magunia, nashona, naendesha Canter mpaka bandarini. "Kaka, huyo si meneja, huyo ni kibarua mwenye kampuni." Iliuma, ila ni kweli. Ilibidi niajiri msimamizi wa godauni na mhasibu, nikae mwaka mzima nikisimamia watu badala ya magunia, ndipo tukapeleka maombi. Yalipita. Usaili wa ubalozini Msasani haukufika dakika kumi, na karibu maswali yote yalihusu nani anabaki Vingunguti.

Nyota moja nimemkata wakili kwa sababu kila baruapepe ina ankara yake, hata ile ya kunitakia Eid nilifungua kwa hofu. Pia jueni kwamba ushauri huu niliupata 2024. Tangu mwishoni mwa 2025 Marekani imewakazia Watanzania masharti ya viza, kwa hiyo ulizeni upya kabla ya kulipa chochote.

Wakala bado ananitumia WhatsApp za ufukwe. Nilirudi kudai milioni yangu na nusu, akaniomba risiti. Nikamwonyesha ile aliyonipa mwenyewe: ya mkono, si ya mashine ya kodi (EFD), haina hata jina la kampuni.