Dell XPS 13 Plus yenye Ubuntu: usiifute kabla ya kuikagua

Anayenunua laptopu ya XPS 13 Plus ya 2022, modeli 9320, ikiwa na mfumo endeshi wa Ubuntu tayari halipii Ubuntu. Hiyo ni ya bure. Analipia draiva, yaani programu zinazouwezesha mfumo kutumia vifaa vya mashine. Ndiyo laptopu ya kwanza ya kiwandani iliyothibitishwa na Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, kwa Ubuntu 22.04, na thamani ya uthibitisho huo imo zaidi kwenye kamera.

Kamera yake si ya USB kama za laptopu nyingi. Picha hupitia kichakataji cha Intel kiitwacho IPU6, na laptopu ilipotoka, draiva yake haikuwemo kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya kawaida. Iliwekwa pembeni, kwenye kerneli ya OEM, iliyoandaliwa kwa ajili ya watengenezaji wa kompyuta, na vifurushi ambavyo majina yake huanza na oem-somerville. Basi mtu akifuta diski na kuweka Debian, mfumo mwingine wa Linux, Wi-Fi inashika, sauti inatoka, mpaka siku ya mkutano wa video ndipo huenda akagundua kamera haionekani. Haijaharibika. Draiva ndiyo iliyofutwa.

Kwa hiyo ikishafika, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, kwanza. Ikiwa haijaguswa, jibu la `uname -r` huishia na oem, na `dpkg -l | grep oem-somerville` huonesha angalau mstari mmoja. Tengeneza flashi ya kurejesha mfumo, kisha sasisha programu za ndani ya vifaa kwa `fwupdmgr refresh` na `fwupdmgr update` chaja ikiwa imechomekwa, kwani BIOS, programu inayoiwasha mashine, hukataa kusasishwa betri ikiwa chini. Aliyepata ile ya Windows kwa bei nafuu asikate tamaa: aweke Ubuntu 22.04, aunganishe intaneti, aandike `ubuntu-drivers list-oem`, kisha asakinishe kwa apt kifurushi kitakachotajwa.

Usingizi wake ni mwepesi mno. `cat /sys/power/mem_sleep` huonesha s2idle peke yake, aina ya usingizi isiyozima vifaa vingi, yaani ukifunga kifuniko mashine inaendelea kunyonya betri, nayo ni ya Wh 55 tu. Ikienda kulala kwenye begi, izime kabisa.

RAM imelehemewa kwenye ubao, hivyo chagua GB 16 au 32 siku ya kununua. SSD hubadilishika baadaye. Matundu ni mawili, yote Thunderbolt 4, na la spika za masikioni halipo. Safu ya juu ya kibodi ni ya kugusa, Esc ikiwemo: watumiaji wa Vim, kihariri maandishi kinachotumia Esc kila mara, wahamishie Esc kwenye Caps Lock kabla vidole havijaanza kulalamika.