Uchambuzi: prosesa 6502, na kwa nini Apple II iliichagua

Watazamaji wangu, karibuni. Leo sikuleta simu mpya. Nimeleta hii hapa, prosesa 6502, chipu iliyokuwa ubongo wa kompyuta ya Apple II. Ngoja niisogeze karibu na kamera. Mnaiona? Kipande cheusi kirefu kuliko kilivyo kipana, miguu 40: 20 upande huu, 20 upande ule.

Mwaka 1975 ukitaka prosesa 8080 ya Intel moja tu, bei ilikuwa dola 360. Ile 6800 ya Motorola, dola 175. Septemba mwaka huohuo, Chuck Peddle na wenzake wa kampuni ya MOS Technology, waliounda 6502, wakaja San Francisco na 6502 ya dola 25. Kwenye ukumbi wa maonyesho hakuna ruhusa ya kuuza, basi wakakodi chumba hotelini, chipu zimejaa kwenye mitungi ya kioo. Steve Wozniak, mwasisi mwenza wa Apple na aliyebuni Apple II, alikuwa miongoni mwa wanunuzi.

Wengi wakifika hapo husema, bei ndiyo iliyoamua. Kweli, bila bei ile Wozniak asingeigusa. Lakini mimi ninachokipenda zaidi kiko ndani, kwenye mdundo wa saa yake, yaani mapigo yanayoongoza kila hatua ya prosesa.

Nisikilizeni vizuri hapa. Kila mdundo una nusu mbili. 6502 inaigusa kumbukumbu katika nusu moja tu, nusu ya pili njia ya kwenda kwenye kumbukumbu iko tupu. Kwenye Apple II ya mwaka 1977, Wozniak aliitumia hiyo nusu tupu kusoma picha na kuipeleka kwenye skrini. Prosesa haisubiri, picha haikatiki. Na RAM, yaani chipu za kumbukumbu, za aina iliyotumika kwenye Apple II zisiposomwa mara kwa mara husahau zilichobeba. Kule kusoma picha kukawa ndiko kunakozihuisha. Jamani, huu ni ufundi!

Linganisheni na kompyuta ya TRS-80 ya mwaka huohuo, yenye prosesa Z80. Saa yake ina kasi zaidi, megahezi 1.77 kwa 1 ya Apple. Lakini prosesa ikigusa kumbukumbu ya picha, michirizi inaonekana kwenye skrini.

Kasoro za 6502 zipo. Rejista za kufanyia kazi, yaani vihifadhi vidogo ndani ya prosesa, ni tatu tu, za biti 8, na staki yake, sehemu ya kumbukumbu ya kuweka vitu kwa muda, ni baiti 256. Anayeandika programu ndefu atabanwa. Hata hivyo, kwa kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1977, mimi ningeichagua hii bila kusita.

Kuna jambo moja lingenitia hofu, nalo ni nani anayekuuzia. Mwaka 1976 kampuni ya Commodore waliinunua MOS Technology, na mwaka uliofuata wakatoa kompyuta ya PET, mshindani wa Apple. Yaani moyo wa kompyuta yako unatoka kiwandani kwa mpinzani wako! Kilichosaidia ni leseni: viwanda vingine navyo viliruhusiwa kuitengeneza. Sasa tazameni tena chipu yangu, hapa juu. Imeandikwa Synertek, mojawapo ya viwanda hivyo.