Injini ya Perkins 4.236 ya mtumba kwa kijiko cha zamani (mashine ya kuchimba): bloku naipenda, pampu ya dizeli tuna ugomvi

Haya wakuu, karibuni. Utangulizi leo mfupi kwa sababu chuma chenyewe hiki hapa kinaning'inia kwenye chenibloku. Sogeza kamera, sogeza kabisa. Mnaona hii rangi? Buluu mpya inang'aa, imepita juu ya lebo ya pampu, juu ya mipira ya maji, juu ya kutu ya boliti. Ukikutana na rangi ya namna hii kwenye maduka ya spea za mtumba, Gerezani ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi, usichekelee. Injini chafu, yenye oili iliyoshikana na vumbi, inajieleza yenyewe: inavujia wapi, boliti ipi ilifunguliwa juzi, gasketi ipi ilipakwa gundi. Ikishapakwa rangi imezibwa mdomo. Beba kitambaa chenye petroli, futa palepale mbele ya muuzaji. Akinuna, mwache anune.

Hii ni Perkins 4.236, injini ya dizeli. Silinda nne, inchi za ujazo 236, lita 3.86. Sifa nyingine mnazijua, sitawachosha. Imo kwenye vijiko vya JCB 3C na 3CX za mwanzo, kwenye Massey Ferguson, jenereta, kompresa, fokolifti. Na huko kusambaa kwake ndiko kunakomponza mnunuzi. Bloku ni moja, lakini kila mashine iliivalisha nguo zake. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya trekta la Massey ni chuma kizito cha kumimina, kwa sababu injini ndiyo kiuno cha trekta, inabeba uzito. Ya kijiko ni nyingine. Flaiwili nyingine, bati la nyuma lingine, wota pampu nyingine. Zipo zenye balansa (kifaa cha kupunguza mtikisiko) ndani ya sampu, zipo zisizo nayo, na kwenye balansa oili pampu imeshikana humo humo, kwa hiyo huwezi kuhamisha sampu tu ukadhani umemaliza. Kabla hujatoka nyumbani piga picha za injini yako mbovu pande zote nne. Na usiiuze chakavu hiyo mbovu mpaka mpya imefungwa na imewaka. Ndiyo itakupa sampu, flaiwili, na boliti za inchi ambazo kuzitafuta dukani ni adhabu.

Namba imegongwa ubavuni mwa bloku. Ikianza na LD, hiyo ni 4.236. Isome, kwa sababu 4.248 ukiitazama kwa nje ni pacha wake, ila tundu la silinda ni milimita 101 badala ya 98.4. Siyo injini mbaya, tena ina nguvu kidogo zaidi. Tatizo ni pale unaponunua seti ya ringi na gasketi ya hedi kwa kukisia.

Vipimo vya haraka sasa, halafu tuingie kwenye kilichonileta.

Isiyowaka: spana kubwa kwenye boliti ya puli ya krenki, izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Unatakiwa kusikia inakaza na kuachia mara nne. Ikikaza mara tatu, silinda moja haina pumzi. Ikiwa imenata, usiiguse kwa stata. Toa nozeli zote nne (zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda), mimina vijiko vitano vya chakula vya mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, kila tundu. Iache siku mbili tatu. Kisha itikise mbele, nyuma, mbele, nyuma, bila hasira. Ikishaachia, izungushe kwa stata nozeli zikiwa bado nje, ili majimaji yaruke. Ukifunga nozeli pistoni ikiwa na majimaji juu yake, hayabanwi. Kitakachopinda ni konrodi.

Inayowaka: shika bloku kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameipasha kabla hujafika, mwambie utarudi kesho asubuhi. Ikiwa baridi, iwashe, ikishapata joto geuza kifuniko cha oili kikae juu chini kwenye tundu lake. Kikicheza cheza, sawa. Kikirushwa, ringi na sleevu (bomba la ndani la silinda) zimekwisha. Presha ya oili injini ikiwa moto na spidi juu, isishuke chini ya psi 30. Ukiwa na geji ya kompresheni, usihangaike sana na namba yenyewe, angalia tofauti kati ya silinda; ikizidi psi 50, hedi itabidi ifunguliwe. Uzuri mmoja, sleevu zake ni kavu, hazigusi maji moja kwa moja, kwa hiyo maji kwenye oili chunguza hedi na gasketi kwanza.

Haya. Pampu. Njoo hapa karibu.

CAV DPA, pampu inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli. Hiki kidude cha mviringo. Injini yote hii inasamehe: ukiipa oili mbaya inalalamika lakini inakwenda, ukiichelewesha kurekebisha tapeti (nafasi za vali) inapiga kelele tu. Pampu hii haisamehi. Haina oili yake. Inalainishwa na dizeli ileile inayoipeleka. Dizeli ikiwa na maji, unasaga chuma kwa chuma. Na injini ikikaa uani miaka miwili, dizeli iliyobaki inakauka inakuwa gundi, na vali ndogo ya kupimia dizeli humo ndani inanata. Ndiyo maana mtu analeta injini "nzima kabisa, ilizimwa tu", inazungushwa mpaka betri inakufa, haiwaki.

Futa hiyo rangi kwenye lebo tusome. Kuna msimbo mrefu wa herufi na namba. Tarakimu nne za mwisho ndizo spidi ya juu kabisa injini isipokuwa na mzigo. Hapa imeandikwa elfu mbili na mia na kitu, kijiko kitafurahi. Ukikuta elfu moja na mia tano, mia sita, hiyo imetoka kwenye jenereta. Haidroliki ya kijiko itakuwa nzito na utailaumu injini bure. Mtu wa duka hakwambii hilo, pengine hata yeye hajui.

Sasa kutoa hewa, kwa sababu kwenye maoni kila wiki ni swali hilo hilo. Nafanya polepole. Dizeli safi kwenye tangi. Filta mpya, hizi za CAV 296, na mipira yake yote, ile ya juu na ya chini, maana mpira wa zamani ukibaki umeshikana juu unafunga miwili, inavuta hewa milele. Legeza skrubu ya juu ya kichwa cha filta. Piga mkono wa fidi pampu (ile inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi), huu mdogo hapa chini. Unapiga, hausikii uzito? Usiseme fidi pampu imekufa. Kemshafti imesimama mahali inapoisukuma. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, jaribu tena. Mnaona, sasa ina uzito. Povu, povu, povu... dizeli safi. Kaza.

Kwenye pampu kuna skrubu mbili za hewa. Moja ubavuni, ndogo, imekaa ndani ya boliti kubwa. Mnaiona? Ndogo! Boliti kubwa usiiguse, hiyo inashikilia kichwa cha pampu. Ya pili iko juu, kwenye mfuniko wa gavana (kidhibiti spidi). Legeza zote, piga mkono, subiri. Ya ubavuni ikitoa dizeli safi, ikaze kwanza. Halafu ya juu. Halafu legeza nati ya paipu inayoingiza dizeli kwenye pampu, piga tena, kaza. Watu wengi wanaishia filta, wanaruka hizi, kisha wanapaka injini matusi.

Mwisho, legeza nati za paipu mbili kwenye nozeli. Aksileta mpaka mwisho, kizimio (mkono wa kuzimia injini) kiwe kimerudi kabisa upande wa kuwaka. Stata sekunde kumi na tano, pumzika, tena. Kidole mbali, dizeli ya nozeli inatoboa ngozi. Ikianza kutema, kaza.

Ikiwa dizeli inafika safi kwenye pampu lakini nozeli hazitemi, vali ya kupimia imenata. Wapo wanaofungua mfuniko wa gavana wakaitoa kwa koleo. Inatoka, ndiyo. Lakini ukirudisha viungio vya kizimio vibaya, injini itawaka na haitazimika, itapanda spidi mpaka ijivunje. Mpelekee fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, pamoja na nozeli zote nne. Kabla hujaing'oa, angalia mstari kwenye flanji (ukingo wa pampu unaofungwa kwa boliti) uone umelingana na mstari wa kesi ya taimingi. Hakuna mstari? Chora wako kwa patasi.

Ugonjwa mwingine: toa stiki ya oili, nusa. Oili imepanda na inanuka dizeli? Ama ngozi ya fidi pampu imetoboka, ama sili ya mbele ya DPA inamwaga ndani. Kutofautisha ni rahisi: ondoa fidi pampu kwenye njia, ning'iniza dumu la dizeli juu kuliko injini, ishuke yenyewe kupitia filta. Oili ikiendelea kupanda, ni sili ya DPA. Na oili hiyo imwage, beringi hazitaki dizeli.

Mtaniuliza, kwa nini usichukue injini yenye pampu ya mstari (inline), yenye oili yake? Inavumilia zaidi, kweli. Au Perkins 1004, aliyeirithi hii? Nzuri, lakini kuifunga mahali pa 4.236 unaanza kutengeneza mabano na bei inakukimbia. Na hii DPA ninayoitukana, fundi pampu karibu kila mji anaijua akiwa amefumba macho. Kwa hiyo nusu ya matusi nayarudisha. Kwenye bei fanya hivi: injini isiyowaka, toa gharama ya kupima pampu, nozeli, seti ya gasketi na stata, ndipo utaje bei. Injini ya bei ya "inawaka" iwashwe mbele yako, ikiwa baridi.

Tangazo dogo: Jumapili tuko mubashara na haidroliki za kijiko, wenye maswali ya greda subirini ijayo, nimeyaona.

Tuwashe hii. Tapeti tayari, inchi 0.012 ikiwa baridi: vali za silinda ya nne zikipishana (moja inafunga, nyingine inafungua) unapima ya kwanza, za pili zikipishana unapima ya tatu, na kinyume chake. Pete mpya za shaba (washa) ziko chini ya nozeli, za zamani zimetolewa na siyo kurundikwa. Oili mpya, filta imejazwa. Kizimio kimevutwa, stata mpaka geji ya oili inyanyuke... imenyanyuka. Na huu ubao ushike, simama kwenye mdomo wa manifoldi ya kuingizia hewa. Ikipanda spidi yenyewe, ziba hewa kwa ubao, siyo kitambaa, siyo kiganja. Rudisha kizimio. Nusu aksileta. Piga.

Moshi mweupe. Subiri, usiizime. Silinda ya tatu bado. Legeza nati ya nozeli yake kidogo... mlio haubadiliki, bado haijawaka. Kaza. Sasa sikiliza. Imeingia, zote nne. Moshi unakatika. Lete stiki ya oili, tunaiacha nusu saa halafu tunanusa tena.